Shemeji Aliyezikwa kwa Kalamu

Sehemu ya Saba

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, usihangaike, nitakupa kwa ufupi. Yeremia wa Ulemo, mkulima wa uwele na muumini wa misheni, ana adui mmoja tu duniani, na adui huyo ni kaka wa mke wake. Jina lake Gasto. Ni mwanangwa, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali ya Mwingereza kukusanya kodi na kuhakikisha kila mwenye mji amelima muhogo wa kuzuia njaa.

Mwaka ule wa ukaguzi, ng'ombe wa Gasto waliingia kwenye muhogo wa Yeremia wakaula wote. Bwana Shamba alipokuja akakuta shamba jeupe. Gasto, kwa kuogopa kupoteza cheo, akaapa mbele ya baraza kwamba shemeji yake hakupanda hata kijiti kimoja.

Yeremia akachapwa viboko hadharani, akafungwa. Akiwa gerezani baba yake mzazi akafa, wakamzika watu wengine.

Alitoka na vitu viwili. Kimoja ni kusoma na kuandika, alichofundishwa na mfungwa mwenzake. Cha pili ni kiapo. Hatamgusa Gasto kwa mkono wake, maana mkono hurudishwa gerezani. Atamgusa kwa watoto.

Basi wanawe wawili, Mathayo na Marko, akawapeleka shule ya bweni, mbali sana na Ulemo. Mathayo awe karani wa baraza. Marko awe Bwana Shamba. Halafu tuone nani atakwenda kukagua zizi la nani.

Siku ya kuondoka alimpa Mathayo kalamu ya wino, nyeusi, yenye kifuniko cha njano. Akamwambia, "Hii si ya kuandikia nyimbo. Hii utaiandikia jina la Gasto siku atakaposimama kizimbani."

Mathayo alikuwa mtoto bado. Akasema, "Ndiyo, baba."

Tangu hapo Yeremia akawa haandiki barua kwa watoto. Aliandika barua za kuwahusu, zote kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Lazaro, na mwalimu naye akiwaita ofisini na kuwasomea. Hebu sikia mwenyewe alivyokuwa akiandika.

"Mwalimu Mkuu, salamu. Mimi ni Yeremia, baba wa Mathayo na Marko. Nimekuletea watoto wasome, si wacheze mpira. Wakikosa wapige. Wasipokosa waambie baba yenu hawezi kulala chali kwa sababu ya mgongo wake, na mnajua ni nani aliyeuharibu."

Na nyingine:

"Umesema Marko amekuwa wa kwanza kwa hesabu. Vizuri. Hesabu itamfaa siku ya kuhesabu ng'ombe wa mtu fulani wakitolewa zizini. Umesema pia amekonda. Mimi nilikonda zaidi yake na sikuandikiwa barua na mtu."

Kila alipoandika, mkewe Elina alikuwa akikaa karibu, akichambua mboga. Yeye hakujua kusoma. Akiona karatasi inakaribia kujaa alikuwa akiuliza, "Baba Mathayo, umewasalimia kwa niaba yangu?"

"Nimewasalimia."

"Umewaambia yule ndama mweupe amekua na amezaa?"

"Nimewaambia."

Mwongo huyo. Hakuwa ameandika hata neno moja la mke wake. Aliona salamu za mama zitawalainisha watoto, na yeye alitaka watoto wagumu kama jiwe la kusagia. Mimi ninayesimulia nimemvumilia Yeremia kwa mengi tangu sehemu ya kwanza, lakini hili la salamu sijalimeza mpaka leo.

Sasa tuingie kwenye balaa lenyewe.

Siku moja ikaja barua kutoka kwa Mwalimu Lazaro. Yeremia akaifungua amesimama, akaisoma, akakaa chini.

"Ndugu Yeremia," iliandikwa, "shemeji yako Bwana Gasto alifika hapa shuleni kwa baiskeli. Aliwaletea wapwa zake mablanketi na kibuyu cha samli. Vijana walifurahi sana. Anaomba likizo ya Krismasi waende kwake wakae naye, wawajue ng'ombe. Nimeona ni vema nikuulize kwanza wewe baba yao."

Wawajue ng'ombe. Maneno hayo mawili yalimchoma Yeremia kuliko viboko.

Wewe usiyekuwa mtu wa Iramba pengine hujaona ubaya wake. Kwa Wanyiramba wa siku zile mjomba alikuwa mama mwenye ndevu. Mtoto alirithi kwa mjomba wake kabla hajarithi kwa baba. Misheni na serikali walikuwa wameanza kuisukuma pembeni desturi hiyo, lakini ilikuwa haijaondoka, ilikuwa imekaa tu ukutani ikisubiri kuitwa. Mjomba akisema anataka wapwa wake waje, baba hana ubavu wa kukataa. Na mwalimu mwenyewe, Lazaro, alikuwa Mnyiramba wa Kinampanda. Angeandikiwa "nakataa," angemwona Yeremia mtu asiyelelewa, na watoto wangekwenda vilevile.

Mjomba aliye hai hakataliwi. Yeremia akafikiri siku nzima, jembe begani, bila kulima tuta hata moja. Jioni akarudi, akachukua karatasi.

"Mwalimu Mkuu, salamu. Barua yako nimeipata lakini imechelewa. Gasto, shemeji yangu, amefariki ghafla na tumeshamzika. Kwa hiyo ruhusa haina maana tena. Shule ikifungwa watoto waje kwangu moja kwa moja."

Elina akauliza, "Umewasalimia?"

"Leo nimewasalimia sana," akasema, na akacheka peke yake. Tangu atoke gerezani mkewe alikuwa hajamsikia akicheka, akafurahi, maskini, akamwongezea mlenda.

Kumzika mtu kwa kalamu ni kutamu, msikilize anayekuambia. Wiki zile Yeremia alitembea kifua mbele. Akikutana na Gasto njiani, amepanda baiskeli yake na kofia ya mwanangwa kichwani, alikuwa akisema moyoni, "Pita, maiti." Gasto naye alisubiri jibu la mwalimu mpaka akachoka, maana mwalimu hakuona sababu ya kumwandikia marehemu.

Lakini Yeremia alisahau jambo moja. Mwalimu Lazaro angekuwa Mzungu, barua ile ingeishia kwenye faili. Alikuwa mtu wa kwao. Na mtu wa kwao hawezi kujua kwamba mjomba wa watoto amekufa, akawaacha wanakwenda darasani na nywele zao kichwani.

Siku ya likizo ilipofika, Yeremia alichinja mbuzi. Elina alipika tangu asubuhi, akafagia uwanja, akafagia tena. Lori lilisikika njia panda, likashusha watu, likaondoka. Wakangoja. Jua likapanda, likasimama, likaanza kushuka, na hakuna mtoto.

Aliyekuja ni jirani yao Theresia, mwanamke mwenye mbio nyingi panapokuwa na habari.

"Elina, dada yangu, pole," akasema, akihema.

"Pole ya nini?"

"Wanao wako kwa kaka yako. Wamenyolewa vichwa kwa wembe, vyeupe pe."

Elina akaachia mwiko. "Kaka amekufa?"

"Hajafa. Hilo ndilo jambo lenyewe. Wamepita pale kwenye korongo wanalia mjomba, mjomba, na masanduku yao kichwani. Kaka yako akatoka nje kuuliza nani amekufa. Marko alipomwona amesimama, akaanguka chini kama gunia. Mpaka akamwagiwa maji."

"Kwa nini hawakuanzia hapa nyumbani?" Yeremia akauliza.

Theresia akamtazama kwa mshangao. "Baba Mathayo, tangu lini mtu akapita mji wenye msiba akaenda kula kwao kwanza?"

Elina alijifunga kanga, akatoka. Yeremia akamfuata.

Sitaficha kitu. Njia nzima Yeremia alikuwa na hofu, lakini ndani ya hofu kulikuwa na sherehe. Kumnyolea mtu aliye hai ni kumchimbia kaburi akiona. Kila mtu Ulemo alijua hivyo, misheni au si misheni. Walipofika waliona watu wamejaa uwanjani kwa Gasto, lakini wamesimama mbali naye. Mke wake mwenyewe alikuwa amempelekea maji akayaweka chini, hakumpa mkononi. Mwanangwa mzima, kofia kichwani, amekaa juu ya kigoda peke yake kama mwenye ukoma.

Yeremia akaona ni haki. Yeye pia aliwahi kusimama hivyo uwanjani, watu wakimtazama kwa mbali, siku ile ya viboko. Akasema moyoni, Mungu wa misheni hachelewi.

Gasto akainua uso. Alikuwa amechoka, lakini hakuwa mjinga, na hapo ndipo Yeremia alipokosea hesabu.

"Shemeji," akasema, "karibu msibani."

Watu wakaguna. Yeremia akawatafuta wanawe kwa macho.

Watoto wakaja. Mathayo alikuwa mrefu kuliko baba yake sasa. Vichwa vyao viling'aa juani, na Yeremia akaona kwamba haikuwa wembe tu. Walikuwa wamepakwa samli.

"Shikamoo, baba," wakasema pamoja.

"Marahaba. Nani amewapaka samli?"

"Mimi," akasema mzee mmoja aliyeketi mlangoni. Huyo alikuwa Alute, mkubwa wa ukoo wa akina Gasto na Elina, mzee mkali asiyependa kuulizwa. "Nani mwingine wa kuwapaka?"

"Samli hupakwa mrithi."

"Ndiyo. Wamenyoa kwa jina la nani? La Gasto. Anayemnyolea mjomba ndiye anayemrithi. Sasa nywele zimekwisha anguka. Wewe unataka niziokote nizibandike?"

"Lakini hajafa!"

"Sisi hatukusema amekufa," mzee akajibu. "Wewe ndiye uliyesema. Sisi tumekuja kumaliza msiba wako."

Mtu mmoja akacheka nyuma. Yeremia akahisi jasho likimtiririka kwenye makovu.

Mathayo akasogea. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimtisha Yeremia zaidi. "Baba, mwalimu alitusomea barua yako. Uliandika mmemzika. Marko hakula siku mbili. Ni kweli uliiandika wewe?"

"Kwangu alikufa siku ile niliyochapwa," akasema Yeremia. "Baba yangu alizikwa mimi nikivunja mawe. Nani alimnyolea yeye? Nani? Muulize mjomba wako ng'ombe wa nani walikula muhogo wangu. Muulize mbele ya watu hawa, nione kama ana ulimi."

Alikuwa ameingoja saa hiyo miaka yote. Alijua Gasto atakana. Alitaka akane, ili watoto wamwone mwongo kwa macho yao.

Gasto akavua kofia ya mwanangwa, akaiweka chini karibu na mguu.

"Ni ng'ombe wangu," akasema.

Watu wakasogea karibu.

"Walikuwa wangu, na niliwaona wakitoka shambani kwake na majani mdomoni. Nikaapa uongo mbele ya baraza, kwa sababu Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alikuwa amesema mwanangwa ambaye ng'ombe wake wanaharibu muhogo wa njaa atavuliwa. Nimelala na jambo hilo tangu siku ile. Nilikwenda shuleni kwa ajili hiyo. Nilitaka kuwapa watoto kile nilichomnyang'anya baba yao, nikaona aibu kukuletea wewe mkononi."

"Mmesikia?" Yeremia akapaza sauti. "Amekiri. Mashahidi mpo. Mathayo, toa kalamu. Andika kama alivyosema, neno kwa neno. Kesho tunakwenda Kiomboi bomani, naye achapwe, naye afungwe, naye aone."

Mathayo hakusogea.

"Toa kalamu, nimesema."

"Baba, nimshitaki nani? Mtu niliyemnyolea?"

"Nilikupeleka shule kwa ajili ya siku hii!"

"Ninajua," Mathayo akasema. "Mwalimu alitusomea. Kila barua."

Mzee Alute akakohoa. "Na ukishamfunga, Yeremia, ng'ombe watachukuliwa kulipa faini. Ng'ombe wale tangu leo ni wa wanao. Utawafilisi watoto wako. Hata hivyo, sijui Bwana Shauri atamfungaje mtu ambaye wewe mwenyewe umemwandikia mwalimu wa serikali kwamba umemzika."

Safari hii walicheka wengi.

Yeremia akatazama huku na huku. Alikuwa ameshika ungamo la adui yake mkononi, kitu alichokitamani kuliko chakula, na hakuwa na pa kukitumia. Alipolisukuma mbele, mbele yake walisimama wanawe. Aliwatuma wakamrarue Gasto, na kwa wino wake mwenyewe akawafanya wa Gasto. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini si wengi wanaoingia wakiwa bado wameshika jembe.

Chuki haikumtoka. Usidhani. Ilimjaa mpaka kooni. Angeweza kumsamehe Gasto viboko, pengine na gereza pia. Lakini kukiri kwake kule, kwa upole, mbele ya watu, mpaka watoto wakamwangalia kwa huruma, hilo hakuweza kumsamehe. Aliona ameibiwa mara ya pili.

"Basi chagueni," akawaambia wanawe. "Anayenifuata ni mwanangu. Anayebaki hapa, nami nitamzika. Mnajua ninavyozika."

Marko akaanza kulia. Ndipo Yeremia akakumbuka kumtafuta mkewe, maana Elina alikuwa na neno na watoto hawa, angewasukuma warudi nyumbani, kuna mbuzi anapoa. Hakumwona. Walikuja pamoja, lakini walipofika yeye alipita moja kwa moja ndani kwa wifi yake, mke wa Gasto, na hakutoka tena, ingawa kila neno la uwanjani lilifika huko ndani.

"Mama yenu yuko wapi?"

"Nipo," sauti ikajibu.

Elina akatoka mlangoni. Kanga ya kichwani ameikunja mkononi. Kichwa chake kilikuwa kitupu, kimenyolewa kwa wembe, na karibu na sikio damu kidogo ilikuwa bado mbichi, kama mtu aliyejinyoa mwenyewe kwa haraka.

Theresia akaweka mkono mdomoni. Hata Mzee Alute akasimama.

"Mama Mathayo," Yeremia akasema taratibu, "umechanganyikiwa? Kaka yako huyu hapa, yu hai. Unamnyolea nani?"

Elina akamgeukia mwanawe mkubwa. "Mathayo, miaka yote uliyokaa kule, ulipata salamu zangu?"

Mathayo akatazama chini.

"Nijibu mwanangu. Ile ya ndama mweupe, ulisomewa?"

"Hapana, mama. Barua hazikuwa na salamu zako. Marko alikuwa akidhani umetusahau."

Elina akatikisa kichwa kile kipya, polepole. Hakulia. Akaketi chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha mbele, kama wanavyokaa wajane, palepale karibu na kigoda cha kaka yake. Kisha akasema, bila kuinua sauti, na kila mtu akasikia.

"Simnyolei kaka. Mathayo, sasa toa hiyo kalamu. Mwandikie mwalimu wenu. Mwambie Yeremia, baba yenu, amefariki ghafla na tumeshamzika. Na safari hii niwekee salamu zangu."

Yeremia akamtazama mwanawe. Mathayo akamtazama mama yake pale chini, akamtazama baba yake. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kalamu nyeusi yenye kifuniko cha njano, akakifungua.